Pula ya kung'olea feni ya bloa: uzoefu wangu hapa Tanga

Pula hii ya kubana shingo ya feni ya bloa, yaani sehemu ya kiyoyozi inayopuliza hewa, nimeitumia vya kutosha kwenye kazi zangu za viyoyozi, na kwa fundi anayefanya kazi karibu na bahari naiona ni ya lazima. Ina kasoro, nitazitaja, lakini imeokoa feni ambazo bila hiyo zingeishia kwa wauza chuma chakavu.

Kwa asiyeijua: ni kipande cha chuma chenye taya mbili zinazoibana shingo ya feni, yaani kile kibomba kifupi cha katikati kinachovaa shafti ya mota. Nyuma ina bolti ndefu. Ukiikaza, ncha ya bolti inaisukuma shafti huku taya zikiivuta shingo, na nguvu yote inabaki hapo hapo katikati. Pula ya miguu mitatu ya gereji haiwezi hivyo. Kwenye bloa inakosa pa kushika isipokuwa sahani ya bati, na bati lile ni jembamba. Likipinda kidogo tu, feni inayumba na kuitikisa mota mpaka beringi zinakufa.

Adui wetu huku ni chumvi. Nyumba za Raskazone zinapigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, uwe kusi au kaskazi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo ndani ya shingo inajaa na kubana. Shingo ya alumini ndiyo inayonitesa zaidi, maana alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa, na unga wake mweupe unaziba kila upenyo. Tena kuna ile skrubu ya kubania shingo kwenye shafti: aliyefunga asipoilenga kwenye ubapa wa shafti, inaichimba na kuinua ukingo unaoizuia shingo kupita.

Kazi iliyonifanya niipende pula hii ilikuwa ya kiyoyozi cha dari, kwenye nyumba ya wageni huko huko Raskazone. Mota imekufa, feni nzima. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alinisimamia chini ya ngazi: "Mwanangu, feni hiyo usinivunjie. Kuipata mpaka Dar, na wageni hawangoji." Nilimwelewa kabisa. Mota ya kufanana naweza kuitafuta hapa mjini, lakini feni ya kipimo kile kile, yenye mzunguko ule ule, ni mtihani. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshapiga nyundo, na ncha ya shafti imetanuka.

Nilizima swichi kuu, nikaondoa umeme uliobaki kwenye kapasita, nikaweka alama feni imekaa wapi na inaangalia upande gani, kwa sababu ukiirudisha kinyume hewa inapungua sana. Nikaichonga ncha kwa tupa, kisha nikasugua msasa sehemu yote ya shafti iliyo wazi mpaka ikang'aa. Mafundi wenzangu, hapa msiharakishe! Shingo lazima ipite juu ya sehemu hiyo, na ikikuta kutu itakwama upya katikati ya njia. Nilitoa skrubu yote, si kuilegeza tu, nikamimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye tundu lake na kuyaacha yapenye.

Ndipo nikafunga pula. Kati ya bolti na shafti niliweka gololi ya beringi ili msukumo ukae katikati. Unakaza kidogo, unangoja, unagonga kichwa cha bolti taratibu, unakaza tena. Ilipolia ule mlio mkali wa kuachia, yule mama alidhani imevunjika. Feni ilitoka bila jani hata moja kupinda. Kwa shingo ya alumini iliyogoma kabisa, ninapuliza hewa ya moto, kwani alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ila mafuta nayafuta kwanza, na moto wa gesi siusogezi hapo.

Kasoro sasa. Bolti iliyokuja nayo ni laini. Meno yalianza kuchoka mapema, ikabidi nitafute ngumu zaidi, na tangu hapo naipaka grisi kila mara. Feni ambayo shingo yake haijatokeza nje ya sahani, taya hazina pa kushika na pula haisaidii kitu. Kwenye makasha yaliyobanana, spana haipati pa kuzungukia mpaka utoe kasha lote.

Ukitaka kununua, pima kwanza unene wa shingo kwa nje, uone kama taya zinafunguka kiasi hicho, halafu pima shafti. Ziko za milimita 12 na ziko za nusu inchi, ambayo ni 12.7. Ncha ya bolti lazima iwe nyembamba kuliko shafti, la sivyo haitaifuata ndani ya shingo, na feni itasogea kidogo kisha igome.