Wodi ya upasuaji: maji yamerudi, hesabu bado tunaidai

Hospitali hii ya binafsi hapa kisiwani Mombasa sitaitaja jina. Mwaka jana nilimpoteza mamangu humo, na wiki iliyopita nimekesha humo siku 3 nikimuuguza mke wa kaka yangu, aliyejifungua kwa upasuaji. Nimeiona mara mbili, na nina la kusema kwa zote mbili.

Mama aliingia na nyonga iliyovunjika. Alipasuliwa salama, na siku ya pili akaniagiza dafu. Siku ya tano bandeji ililoa, na harufu yake niliisikia kabla sijafika kitandani. Kichupa cha sanitaiza ukutani ukikibonyeza kilitoa upepo tu. Kwenye sinki ya kunawia walipanga mafaili. Sista alitoka kumsafisha kidonda mgonjwa wa kitanda cha pili, akaja kwa mama na glavu zilezile. Nilinyamaza. Nilidhani glavu ndiyo usafi wenyewe, tena mimi ni nani nimfundishe kazi yake? Leo najua kwamba glavu isipovuliwa hubeba uchafu wa mgonjwa mmoja ikampelekea mwenzake, na kwamba hata ikivuliwa, mikono lazima ioshwe.

Kwenye hitma ya mama alikuja mzee mmoja wa Likoni. Kumbe mkewe alilazwa wodi ileile, mwezi uleule, naye akaondoka kwa kidonda kilichoshika usaha. Tukatafutana, tukawa familia 4. Tukaiandikia hospitali barua. Haikuomba pesa. Tuliomba maji na sabuni kila wodi, jamaa waruhusiwe kuuliza “umenawa?” bila kufokewa, na idadi ya vidonda vinavyoshika usaha kila mwezi ibandikwe ukutani.

Maji yapo sasa, hilo nawapa haki yao. Mabomba ni yale ya kufungua kwa kiwiko, na kila kitanda kina chupa ya sanitaiza miguuni, imejaa. Sista wa zamu ya usiku nilimtazama kwa makusudi: alivua saa, akasugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba kimoja baada ya kingine, mpaka ncha za kucha. Shirika la Afya Duniani linataka sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, naye hakupunja. Nikamwuliza vilevile, maana nimejiapiza sitanyamaza tena: “Sista, samahani, umenawa?” Akanionyesha mikono ingali mibichi. “Uliza tu, mama. Kila mara uliza.” Nilitoka nje nikalia.

Daktari wa raundi ya asubuhi alishika simu, akashika tumbo la wifi yangu, akashika simu tena. Nilipomwuliza alisema ana haraka.

Uji ni mzuri, mapokezi wana heshima, bili ilieleweka.

Choo cha wagonjwa ndicho kilichonikasirisha: sabuni hakuna, ipo sanitaiza peke yake. Kuna bakteria wa kuharisha, Clostridioides difficile, ambaye mbegu zake haziuawi na spiriti. Lazima maji na sabuni vizioshe mikononi. Kule Uskoti, hospitali ya Vale of Leven, bakteria huyo alichangia vifo vya wagonjwa 34 mnamo 2007 na 2008. Familia zao ndizo zilizodai uchunguzi wa hadhara, na ripoti ikatoka Novemba 2014. Miaka yote hiyo walishikilia. Mzee wa Likoni nilipomsomea habari hiyo alisema, “Basi sisi bado mapema.”

Na hesabu haijabandikwa. Tuliambiwa ni siri ya wagonjwa. Sisi hatukuomba majina, tuliomba idadi. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu huduma, na inahusu hata huduma za watu binafsi. Anayempeleka mzazi wake kupasuliwa anastahili kujua wangapi walitoka na usaha mwezi uliopita.

Nyota 3 kati ya 5, nyingi zikiwa za yule sista wa usiku. Ukilaza mtu wako pale, beba sabuni yako ya choo. Barua ya pili tuliipeleka Jumatatu, na nakala yetu imegongwa muhuri.