Seti ya spea za mashine ya kukaushia nguo: mkanda mzuri, klipu mbovu, na fyuzi ya kuwekwa mwisho

Seti hii ni ya draya ya umeme, ile inayotoa hewa ya moto nje kwa bomba. Ndani ya boksi mna mkanda wa ngoma, rola nne za kubebea ngoma na klipu zake za pembetatu, puli ya kukazia mkanda, na fyuzi moja ya joto. Nimeipa nyota nne. Ya tano imeondoka kwa sababu ya zile klipu, na kwa sababu karatasi ya maelekezo inamwambia mtu abadilishe fyuzi bila neno hata moja kuhusu kilichoiunguza.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza mashine. Mota inanguruma, ngoma imetulia, na ukiisukuma kwa mkono inazunguka kwa wepesi kabisa: mkanda umekatika. Mkanda ukiwa mzima, mkono unausikia uzito wa mota. Kishindo kinachokwenda sambamba na mzunguko wa ngoma, hasa mashine ikiwa bado baridi, ni cha rola zilizobonyea upande mmoja. Mlio mwembamba usiokoma mara nyingi ni wa puli ya kukazia iliyokauka. Chuma kikikwaruza chuma, kagua vipande vya plastiki ambavyo mdomo wa mbele wa ngoma huteleza juu yake, kisha tafuta sarafu au waya wa sidiria kwenye feni. Baadhi ya mashine zina swichi ndogo inayozima mota mkanda ukikatika, kwa hiyo mota kuwa kimya si ushahidi kwamba imekufa. Ila mota ikiguna bila kuanza, hata baada ya kuvua mkanda, ama feni imekwama ama, kwa mashine zenye kapasita (kile kikopo kinachosaidia mota kuanza), kapasita imechoka. Hapo seti hii haina msaada.

Vifaa ni vichache: bisibisi ya nyota, bisibisi ya Torx T20 (ile ya ncha yenye pembe sita), boksi spana ya milimita 8 na ya robo inchi, koleo la mdomo mrefu, bapa jembamba la chuma la kubenulia klipu za mfuniko, na maltimita, yaani kipimio cha umeme. Glavu ni lazima. Mabati ya ndani ya draya hayakusuguliwa kingo, na hukata mkono kama wembe. Chomoa plagi kwanza. Kubonyeza swichi ya kuzimia hakutoshi. Piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa. Mashine nyingine hufunguliwa kwa kuinua mfuniko wa juu, ambao klipu zake mbili ziko upande wa mbele, sentimita chache kutoka kila kona. Nyingine huanzia ubavuni au mgongoni. Mfuniko ukikataa, usitumie nguvu. Kuna skrubu hujaiona, na mara nyingi imejificha chini ya chujio la manyoya ya nguo.

Mkanda ndio sehemu bora ya seti hii. Mpira wake ni laini bila kunata, mifereji imenyooka, na kiungo hakina uvimbe unaogonga kila mzunguko kama ilivyo kwa mikanda ya bei ya kutupa. Uulinganishe na wa zamani kwa idadi ya mifereji na kwa urefu. Ule wa zamani ukiwa haujakatika utakuwa mrefu kidogo kwa kuvutika, na hilo ni la kawaida. Tofauti ikiwa kubwa, rudisha: mkanda mfupi huielemea mota, mrefu huteleza.

Hapa kwenye kuupitisha ndipo wengi hukwama, kwa hiyo twende taratibu. Upande wenye mifereji hugusa ngoma, upande laini hutazama nje. Ngoma iliyotumika huwa na alama nyeusi kuizunguka pale mkanda wa zamani ulipopita. Uweke papo hapo. Sasa ingiza mikono chini ya ngoma, au kupitia mlango wa nyuma kwa mashine zenye mlango huo. Mkono mmoja usukume mkono wa puli ya kukazia ulegee. Mwingine ukunje mkanda uwe kitanzi, ukipitishe chini ya puli ya kukazia, kisha ukivike kwenye puli ndogo ya mota. Ukitazama kutoka ubavuni, mkanda unachora umbo kama herufi Z. Ukiachia, mkono wa kukazia unarudi na mkanda unakaza. Zungusha ngoma kwa mkono mizunguko mitatu mizima. Mkanda ukiwa umejisokota au umekaa nje ya mfereji mmoja, utauona ukitambaa kwenda pembeni. Usiwashe umeme hadi utulie.

Rola zenyewe ni nzuri, mpira wake ni mgumu kiasi na umeshika vizuri kwenye plastiki. Badilisha zote kwa pamoja. Rola mpya ina kipenyo kikubwa kuliko iliyochakaa, na ukiweka mbili mpya na mbili kuukuu ngoma inakaa mshazari, kisha inakula felti, ule ukanda laini unaoziba ukingo wa ngoma, upande mmoja. Baada ya kuvua rola ya zamani, futa shafti, ile pini ya chuma ambayo rola huzungukia, kwa kitambaa chenye spiriti na upitishe ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, badilisha na shafti, la sivyo rola mpya itaanza kulia mapema. Usipulizie oili ya kulegeza kutu. Rola inanyamaza siku chache, halafu oili inakauka, inashika manyoya, na sauti inarudi ikiwa mbaya zaidi. Rola ikishafungwa iwe na mchezo kidogo wa kwenda kushoto na kulia. Ikibanwa kabisa itapata moto.

Sasa zile klipu. Ni za plastiki ngumu isiyopinda, na mbili zimepasuka zikiingizwa, kabla hata ya kufika kwenye mfereji wa shafti. Kama za zamani zimetoka nzima, zirudishe na usijali kuwa ni kuukuu. Kama huna budi kutumia mpya, zisukume zikiwa zimenyooka kwa kutumia boksi spana inayoizunguka shafti, ili nguvu igawanyike pande zote tatu. Ncha ya bisibisi husukuma pembe moja tu, na ndiyo inayopasuka. Ngoma ikiwa bado nje, yaani kabla ya kuvika mkanda, tazama felti na uvute kwa mashine ya kufyonza vumbi manyoya yote yaliyo chini. Mengi hujikusanya nyuma ya mota na kuzunguka kasha la hita, yaani mahali pabaya kuliko pote.

Hapo tunafika kwenye joto, na ndipo karatasi ya maelekezo inaponiudhi. Fyuzi ya joto hukatika mara moja tu na haijirudishi. Kwenye mashine nyingi imefungwa kwenye mkondo wa hewa karibu na feni. Ikikatika, baadhi ya mashine hazizunguki kabisa, nyingine zinazunguka bila joto. Ukiipima kwa maltimita, waya zake zikiwa zimechomolewa, nzima husoma karibu omu sifuri (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme); iliyokatika haisomi kitu. Lakini haikatiki kwa uzee tu. Mara nyingi imekatika kwa sababu hewa haikupita, joto likapanda mahali lisipotakiwa. Ukiweka mpya bila kusafisha bomba, utaiunguza na hiyo. Na kuunganisha waya moja kwa moja ili kuiruka fyuzi ni kuiondoa kinga iliyo kati ya hita na manyoya makavu. Usifanye hivyo hata kwa majaribio ya dakika tano.

Anza nje. Washa mashine na utazame kifuniko cha tundu la kutolea hewa ukutani: kinatakiwa kifunguke vizuri na hewa isukume kiganja kwa nguvu. Kikitetemeka tu, bomba limeziba au limebanwa nyuma ya mashine. Bomba zuri ni la chuma kigumu, laini ndani, kipenyo cha sentimita 10. Kila kona ya nyuzi 90 ihesabu kama mita moja na nusu zaidi ya urefu. Viungo vifungwe kwa tepu ya foili, si kwa skrubu ambazo ncha zake hutokeza ndani na kukamata manyoya. Bomba la plastiki litoe kabisa. Kisha chujio: limimine maji. Yakisimama juu badala ya kupita, kuna utando wa karatasi za kulainishia nguo. Lisugue kwa brashi, sabuni na maji ya moto. Utando huohuo hufunika vile vipande viwili vya chuma vya kupima unyevu ndani ya ngoma, na hapo mashine hujizima nguo zikiwa bado mbichi. Pamba yenye spiriti inamaliza tatizo ambalo watu hununulia bodi mpya.

Hewa ikiwa inapita na bado hakuna joto, pima hita. Chomoa angalau waya mmoja, vinginevyo unapima na njia nyingine za umeme. Kiasi cha omu unachotarajia hakihitaji kitabu: zidisha volti kwa volti, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kibati. Volti 230 na wati 2500 inakupa omu 21 hivi. Volti 240 na wati 5400, omu 11 kasoro. Halafu weka ncha moja kwenye hita na nyingine kwenye kasha lake. Hapo isisome kitu. Ikisoma, koili, yaani waya wa hita uliosokotwa, imelegea na kugusa bati. Kwa mashine za Marekani na Kanada, ambazo hita hutumia laini mbili za umeme, koili ya namna hiyo inaweza kuendelea kupasha hata thamostati, swichi inayodhibiti joto, ikiwa imekata. Kwenye mashine hizohizo, mota hutumia laini moja tu, kwa hiyo swichi moja ya kinga kwenye bodi ya umeme ya nyumba ikiwa imeruka utapata ngoma inayozunguka na hita baridi, na hakuna spea iliyoharibika. Waya ulioungua kwenye kiungo cha hita ukate hadi penye shaba safi na ubane tamino (kichwa cha chuma cha kuunganishia waya) ya kuhimili joto. Risasi ya kuunganishia itayeyuka.

Wenye draya za pampu ya joto, zinazopasha hewa kwa mfumo wa gesi kama wa friji, seti hii huenda ikawafaa kwa mkanda na rola kama vipimo vinalingana, basi. Mfumo wa gesi umefungwa, na mara nyingi gesi yenyewe ni R290, ambayo ni propani na inashika moto. Safisha machujio na uishie hapo.

Ukimaliza kufunga, iwashe tupu bila joto kwa dakika tano kabla ya kuisukuma ukutani, usikilize mkanda na rola, kisha washa joto ukiwa umesimama karibu na tundu la nje. Ukilazimika kutumia fyuzi ya kwenye seti, hakikisha nyuzi joto zilizogongwa juu yake ni zilezile za ya zamani. Ya juu zaidi itakata ikiwa imechelewa. Yangu ingali kwenye kifuko chake. Ya zamani ilisoma omu 0.1, sikuona sababu ya kuitoa.