Programu ya kupangia filamu: hodari kwenye seti, dhaifu kamera ikishazimwa

Kwa miezi minne nimesimamia utayarishaji wa filamu fupi yenye mswada wa kurasa 22 kwa kutumia programu moja ya kupangia kazi za filamu na video, ya aina ile inayolipiwa kila mwezi na kufunguliwa kwenye kivinjari. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia katika programu nyingine mbili za aina hiyo, na haingekuwa haki moja ibebe lawama za zote.

Sehemu iliyonipendeza kuliko zote ni uchambuzi wa mswada. Ukishaupakia, programu huutenga onyesho kwa onyesho na kulipima kila moja kwa sehemu za nane za ukurasa, yaani ukurasa ukigawanywa mara nane, kama walivyofanya wapanga ratiba wa zamani waliotumia vipande vya kadi vilivyopachikwa ubaoni. Kipimo hicho si cha mapambo. Ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa kwa utaratibu wa kawaida hukadiriwa kutoa dakika moja ya filamu, kwa hiyo onyesho la sehemu tatu za nane litachukua sekunde ishirini na kitu tu kwenye skrini, ingawa laweza kula asubuhi nzima ikiwa ndani yake kuna umati wa watu au mtoto mchanga. Hata rangi za kadi zimehifadhiwa: nyeupe kwa onyesho la ndani mchana, njano kwa la nje mchana, buluu kwa la ndani usiku na kijani kwa la nje usiku. Ukiutazama ubao mzima kwa mara moja, unajua siku za kupiga picha usiku ni ngapi na zimerundikana wapi.

Thamani yake niliiona siku ya tatu ya upigaji picha, mvua iliponyesha alasiri tukiwa hatujaanza onyesho la 14, ambamo mwanamke mzee anatoka nje usiku akiwa ameshika kandili. Nilipolivuta onyesho hilo hadi siku ya tano, lilihama na kila kilichofungamana nalo: mwigizaji, kandili, shali yenye doa la damu na ngazi ya mtu wa taa. Karatasi za wito, yaani zile zinazomweleza kila mtu afike wapi, saa ngapi na akiwa na nini, zilijirekebisha zenyewe, na msimamizi wa mavazi alikuwa amekwishathibitisha kwa simu yake kabla sijamfikia. Katika lahajedwali ningelazimika kubadilisha mahali patano kwa mkono, na kwa uzoefu wangu pa tano ndipo husahaulika. Kwa kazi hiyo peke yake, ada niliyolipa ilirudi.

Hata hivyo, programu hii inahesabu kurasa bila kuhesabu watu, na hili limenisikitisha sana. Badiliko hilohilo lilifanya kazi ya siku ya tano iishe saa nane usiku, ilhali karatasi ya siku ya sita iliwaita mafundi wa taa saa moja asubuhi. Ni saa tano tu za kufunga vifaa, kusafiri, kulala na kurudi, wakati sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu muda wa kazi, kwa mfano, inataka mfanyakazi apate saa 11 mfululizo za mapumziko kila siku. Hakuna onyo lolote lililotokea kwenye skrini. Niliona kosa hilo kwa sababu tu nilizoea kulitafuta, nikasogeza wito hadi alasiri na kupunguza maonyesho mawili. Mtu anayeendesha gari la vifaa akiwa hajalala anaweza kufa, na programu inayojua saa ya kumaliza na saa ya kuanza haina sababu ya kunyamaza.

Vilevile, haikadirii muda wa kuhama kutoka lokesheni moja hadi nyingine. Ukurasa wa bajeti unatosha kwa kazi ndogo, ila fungu la dharura, ambalo kwa kawaida huwekwa asilimia 10, itabidi uliongeze mwenyewe.

Baada ya upigaji picha inakuwa kana kwamba mradi umekwisha. Kamera yetu ilirekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa kila saa ya picha, na kila kadi ya kumbukumbu ya kamera ilipaswa kuwa na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikihifadhiwa mahali tofauti, kabla ya kufutwa. Hakuna mahali pa kuandika kadi ipi imenakiliwa na nani amehakikisha faili zinafunguka. Kwa mhariri, fundi wa sauti na msawazishaji wa rangi kuna orodha moja tu ya kazi, isiyoonyesha kwamba sauti haiwezi kuanza kuchanganywa kabla mkato wa picha haujafungwa, yaani kabla uhariri wa picha haujakamilika kabisa. Tulirudi kwenye lahajedwali na daftari la kadi.

Kwa filamu ijayo nitailipia tena mwezi mmoja kabla ya upigaji picha na kuisitisha kadi ya mwisho ikishanakiliwa. Anayetaka kufanya hivyo apakue kwanza karatasi zote za wito na orodha za vifaa, kwa kuwa akaunti ikishafungwa hazisomeki tena, na mhariri bado atazihitaji kujua kila onyesho lilipigwa siku gani.