Bunduki ya kukodi waliyonikatalia kuijaribu

Nianze na baya: kampuni hii ya uwindaji, yenye ofisi hapa Mombasa mjini na kambi Selous, Tanzania, upande uliobaki wa uwindaji baada ya Hifadhi ya Nyerere kumegwa kutoka humo mwaka 2019, inakukodisha bunduki ambayo wenyewe hawajui inapiga wapi. Mazuri yapo, nitayasema, lakini hili litangulie.

Mimi mawindo nimeyafuata tangu ujana, enzi mtu akikata leseni akaingia nyika kihalali. Ikaja marufuku ya 1977, na leo Mkenya anayetaka nyati kwa njia ya halali huvuka Lunga Lunga kwenda Tanzania. Kupitisha bunduki yako mpakani ni karatasi juu ya karatasi, basi nikaona bora nikodi kambini. Hapo ndipo waliponipata.

Nikapewa bunduki ya .375, ya wanyama wakubwa, mtutu safi, kitako kizuri. Nikagusa darubini ya kulengea: skrubu ya mbele inacheza, naizungusha kwa ukucha! Nikamwambia kiongozi wa msafara, "Mwanangu, tubandike karatasi mtini nipige risasi tatu nijue inakwenda wapi." Akanijibu milio itafukuza wanyama, na bunduki imeshapimwa. Lini? Na nani? Akaikaza skrubu kwa ncha ya kisu, akapanda gari. Kukaza si kupima! Darubini ikishalegea, ikaze utakavyo, shabaha yake ya mwanzo imekwenda. Hilo ni somo la kwanza la bunduki, na huyu ndiye aliyekabidhiwa roho za watu porini.

Kesho yake tukapata dume mzee, peke yake, kasimama ubavu, kama mita 70. Moyo wa nyati uko chini. Unafuata mguu wa mbele kwenda juu, theluthi ya kifua, hapo hapo. Nikalenga hapo. Risasi ikaenda nyuma, tumboni, nikaijua kwa mlio kabla sijaona damu. Nayo damu ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani aliyokula. Ya mapafu ingekuwa nyekundu yenye povu, na angekwisha upesi. Huyu kaingia kichakani, na nyati mwenye jeraha hugeuka akaingojea njia aliyopitia. Aliyetangulia mbele yetu ni mfuata nyayo, mzee wa makamo yangu, mkononi ana fimbo tu.

Mzee yule sitamsahau. Anainua jani, anakuonyesha tone dogo kama punje ya mtama, hasemi kitu. Kila kichaka kizito alituzungusha hadi upepo utupige usoni. Jua likapinduka ndipo tukamkuta kalala, roho imeshakatika, hata kumchinja hatukuwahi. Mnyama kateseka saa zote zile kwa ajili ya skrubu!

Askari wa wanyamapori alikuwa ameshamwandika tangu damu ya kwanza, maana ukimjeruhi umemlipia. Kwa sheria hiyo sina neno, ndiyo inayomzuia mtu kupiga ovyo. Kinachoniuma ni kulipia uzembe wao.

Niliporudi nikaenda ofisini. Sikudai hata senti, nilitaka bunduki ile iondolewe kazini. Kijana wa mezani, macho kwenye simu: "Mzee, si nyati umepata? Bunduki zetu hazina neno, hayo macho ya uzee." Mbele ya wateja! Macho haya nikisimama ufukweni Mama Ngina yanasoma jina la meli kabla haijaingia bandari ya Kilindini. Hakunipa kiti wala hakuuliza bunduki ni ipi.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota tatu: chakula kizuri, maji ya moto kila jioni, mahema safi. Halafu nikasema mbili. Sasa naona zote hizo nilikuwa nampa yule mzee wa nyayo, si wao. Basi moja, nayo ni yake. Mkienda mwombeni yeye, kama bado yuko.

Ile .375 ina mkwaruzo mrefu ubavuni mwa kitako, upande wa kulia. Ukipewa hiyo, usipande gari.