Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani na garini: ipi ununue ukiwa Tabora

Kiangazi cha Tabora huanza Mei na kwenda mpaka mvua za kwanza, Oktoba au Novemba. Miezi yote hiyo, mwenye nyumba Ipuli au Cheyo na gari la safari za Sikonge na Urambo anapambana na vumbi lile lile sehemu mbili: kwenye makochi na zulia, kisha chini ya viti vya gari. Mashine moja ya kufanya kazi zote mbili ipo. Tatizo ni kwamba si ile inayopangwa mbele dukani ikiwa na rangi za kuvutia.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza, tuondoe wati njiani. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni wati 2,000, inavuta hata jiwe." Wati ni umeme ambao mashine inakula, si nguvu yake ya kufyonza. Umoja wa Ulaya ulizuia mashine za kawaida za nyumbani zinazozidi wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, ukashusha kikomo hadi wati 900 Septemba 2017, na mazulia ya huko yanaendelea kusafishwa. Kinachovuta uchafu ni presha ya kufyonza, inayoandikwa kwa paskali, pamoja na wingi wa hewa inayopita kwenye mpira, yaani bomba la kufyonzea. Filta ikiziba, hewa inakatika. Na vumbi letu la kiangazi ni laini, linaziba filta haraka kuliko uchafu wa nyumba ambazo mashine hizi zilitengenezewa. Kwa hiyo mimi nachagua kwa filta kwanza, mpira wa pili, mota wa tatu.

Namba moja: pipa linalofyonza maji na vumbi

Ni lile pipa lenye magurudumu unaloliona kwa waosha magari. La lita 15 hadi 20 linatosha nyumba ya familia. La lita 30 ni la biashara, utachoka kulibeba. Wati 1,000 hadi 1,400 zinatosha kabisa. Kärcher WD 3, kwa mfano, ni ya wati 1,000 na pipa la lita 17, na inamaliza Noah nzima bila kulalamika.

Pipa linashinda kwa sababu uchafu wetu hauji wa aina moja. Kiangazi ni mchanga na vumbi. Masika ni matope yaliyokauka kwenye kapeti la gari, na ndani ya nyumba ni kumbikumbi: asubuhi baada ya mvua za mwanzo, mabawa yamelala chini ya kila taa, ukifagia yanaruka, ukiyafyonza yanakwisha. Halafu kuna vinavyomwagika. Mtu amebeba ndoo ya asali kutoka Sikonge, mfuniko haukukaza, kiti cha nyuma kimeharibika. Asali yenyewe usiifyonze. Ilainishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha pipa livute yale maji. Mashine ya vumbi tupu ikivuta maji hayo, mota umekwenda.

Mengi ya mapipa haya yana tundu la kupulizia pia. Chomeka mpira upande huo, puliza mchanga kwenye reli za viti na kwenye matundu ya AC, kisha ufyonze kilichotoka.

Kasoro zake: lina kelele, ni kubwa kwa nyumba ya vyumba viwili, na waya wake mara nyingi ni mfupi, mita nne hivi. Ukisogeza gari karibu na mlango utahitaji ekstensheni. Chukua yenye waya wa milimita za mraba 1.5, na kama ni ya kuzungusha ikunjue yote, maana ikibaki imejikunja huku mashine inafanya kazi inapata moto. Umeme si wa kuogopa. Wati 1,200 kwa nusu saa ni uniti 0.6, kiasi cha shilingi 210 kwa LUKU ya shilingi 350 kwa uniti.

Ukitaka kufyonza maji, toa kwanza filta ya karatasi na mfuko, weka ile ya sponji. Na mashine yoyote, iwe hii au nyingine, isipewe majivu yenye moto ya jiko la mkaa wala petroli iliyomwagika.

Namba mbili: ya fimbo, ya betri

Hii naipa nafasi ya pili kwa ajili ya wapangaji. Ukiishi nyumba ya uani na gari linalala mbali na soketi, pipa halitakusaidia. Ya fimbo unaichomoa kichwa, unabaki na kipande cha mkononi, unaingia nacho garini. Ni nyepesi, na mama mwenye mgongo mbovu ataishukuru.

Ila soma maandishi ya boksi kwa jicho kali. "Dakika 40" ni kwa nguvu ya chini. Ukiweka nguvu ya juu, ambayo ndiyo inayotoa mchanga kwenye kapeti, nyingi zinamaliza chaji ndani ya dakika 10 au pungufu. Nunua yenye betri ya kuchomoa, vinginevyo betri ikichoka umetupa mashine nzima. Usiiache ndani ya gari juani. Betri za lithiamu zinazeeshwa na joto. Na za majina makubwa zinauzwa ghali kuliko pipa, wakati mwingine mara mbili na zaidi.

Namba tatu: ya kukokota, ya nyumbani

Kama gari kwako ni jambo la mara moja kwa mwezi na nyumba ina mazulia mengi, hii inafaa. Chukua isiyotumia mifuko. Zile za mifuko ya karatasi zinakuwa nzuri mpaka mifuko iishe, ndipo unaanza kuagiza Dar es Salaam kwa basi.

Zinazobaki

Vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, vya volti 12: fyuzi ya tundu hilo kwa kawaida ni ampea 10 au 15, kwa hiyo nguvu yote haivuki wati 180, na vingi havifiki hapo. Vinaokota makombo ya karanga, basi. Vya kuchaji kwa USB havivishindi hivyo sana. Na asikudanganye mtu kwamba utawasha pipa la nyumbani kwa inveta ndogo ya gari, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani: wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 80.

Roboti? Kizingiti cha mlango na mkeka vinamshinda. Tusonge mbele.

Ukiwa dukani

Mitumba ya Japani inavutia kwa bei, lakini Japani wanatumia volti 100 na Marekani 120. Kwetu ni 230. Angalia kibati cha nyuma kabla ya kuchomeka chochote. Ya Uingereza haina shida, hata plagi yake ni ya pini tatu kama zetu.

Iwashe, ziba mdomo wa mpira kwa kiganja. Sauti ya mota ipande na kiganja kinaswe. Kisiponaswa, hewa inavuja mahali. Hakikisha kuna mdomo mwembamba wa kupenya kati ya kiti na mlango, bila huo garini utafanya nusu ya kazi. Muulize muuzaji kama ana filta ya akiba, na umwombe aitoe uione. Akisema "zipo, zinakuja wiki ijayo", nenda duka la pili.

Kabla ya hapo pitia kwa vijana wanaoosha magari, uliza pipa lao ni la kampuni gani na limebadilishwa kaboni, zile brashi za mota zinazolika, mara ngapi. Wao wanaliwasha kutwa nzima. Ukinunua, chukua filta mbili siku hiyo hiyo: moja ikioshwa, iachwe ikauke siku nzima kivulini wakati nyingine iko kazini.