Wasifu wa Siti Binti Saad: kitabu cha kumvusha msomaji wa riwaya

Msomaji aliyelelewa na riwaya akiamua kuhamia vitabu vya mambo ya kweli, mara nyingi huteleza mlangoni. Hubeba kitabu kinene cha historia au uchumi, akakisoma kwa mwendo ule ule wa riwaya, na akifika ukurasa wa 30 hakumbuki kitu. Hukifunga, akaamini vitabu hivyo si vyake. Kilichomwangusha ni mwendo. Riwaya humvuta kwa taharuki. Kitabu cha kweli humtaka aingie na swali lake mwenyewe.

Ndiyo maana tunasema aanze na wasifu, na kwa Kiswahili hatuoni mlango mzuri kuliko Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba. Kalamu ni ile ile ya riwaya yake Kusadikika, kwa hiyo aliyepita huko hakutani na lugha ngeni. Na katikati yupo mtu, mwimbaji wa taarabu: binti aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, akachuuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Msomaji wa riwaya atapata mhusika wa kumfuata.

Asitarajie fundo linalokazwa hadi mwisho, lakini. Shaaban Robert alionana na Siti muda mfupi kabla bibi huyo hajafariki mwaka 1950, na aliandika kwa mapenzi. Husimamisha habari ili atoe mawaidha juu ya tabia njema, na tarehe ni chache. Mwenye pupa ya matukio huchokea hapo hapo.

Dawa yake ni penseli na daftari. Gawa ukurasa kwa mstari wima: kushoto andika kinachoweza kuthibitishwa (mahali, mwaka, safari, jina), kulia andika maoni ya mwandishi. Soma kurasa 10 kwa kikao kimoja, usizidishe. Ukiona kurasa tatu zimepita, kulia kumejaa na kushoto ni kweupe, jua kwamba hapo unasoma sifa. Zithamini kama sifa, usizinukuu kama historia. Kisha funga kitabu na useme kwa sauti sentensi tano za ulichosoma. Zikigoma kutoka, ulikimbia. Rudia kurasa zile zile kesho.

Mashairi usiyaruke. Wasomaji wa riwaya wana mazoea ya kuruka beti ili wawahi kisa, na katika kitabu hiki beti ndizo ushahidi wenyewe. Wapo waliomdhihaki Siti kwa asili yake na sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Zisome kwa sauti, dhihaka kwanza, jibu baadaye, halafu tafuta rekodi zake usikilize. Utaelewa kwa nini mji ulinyamaza kumsikiliza, jambo ambalo nathari peke yake haiwezi kulifikisha.

Jambo jingine: usiweke riwaya na wasifu kwenye jioni moja. Riwaya itashinda kila mara. Wasifu usomwe asubuhi au mchana, akili ikiwa haijachoka.

Ukinunua nakala iliyotumika, fungua katikati na mwisho na uhesabu kurasa kabla ya kulipa; vitabu vyembamba vilivyobanwa kwa gundi huachia karatasi upesi.

Anayetafuta historia kamili ya taarabu hatatosheka, maana haya ni maisha ya mtu mmoja. Wengine wote wakimaliza waende moja kwa moja kwenye Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, ambamo Shaaban Robert anajisimulia mwenyewe. Daftari liwe lile lile, ila ongeza safu ya tatu: mambo ambayo mtu anayejieleza angetarajiwa kuyataja, naye ameyapita kimya.