Roland INTEGRA-7 au Pianoteq: Kuchagua Moduli ya Sauti kwa Ajili ya Piano

Mpiga kinanda mwenye kibodi ya vibonye 88 inayomridhisha vidoleni, lakini isiyomridhisha masikioni, halazimiki kununua chombo kingine kizima. Anaweza kuiunganisha na moduli ya sauti, yaani kisanduku kisicho na vibonye ambacho hupokea maagizo ya MIDI, lugha ya kielektroniki inayounganisha vyombo vya muziki, na kutoa sauti kwa niaba ya kibodi. Kwa kuwa MIDI imekuwa ikitumika tangu mwaka 1983, hata kibodi kuukuu huweza kuendesha moduli ya kisasa bila taabu. Taabu iko katika kuchagua, kwa sababu moduli nyingi hutangazwa kwa wingi wa sauti zake, ilhali anayetafuta piano anahitaji sauti moja tu iliyo ya kweli.

Mimi huanza na noti moja ya besi. Ipige kwa nguvu, uishikilie, usikilize mpaka inyamaze yenyewe. Katika piano halisi sauti hushuka haraka mwanzoni, kisha huendelea kufifia polepole kwa muda mrefu, na wakati huo wote rangi yake inabadilika, kwani ule mlio mkali wa juu hutangulia kutoweka na kuacha uzito wa chini. Moduli za zamani, zilizokuwa na kumbukumbu ndogo, zilihifadhi rekodi ya sehemu ya mwanzo tu ya noti na baada ya hapo zikawa zinarudia kipande kifupi huku zikikipunguza sauti. Sikio hugundua mara moja kwamba mlio umeganda. Baadaye irudie noti hiyohiyo kuanzia mguso mwepesi kabisa hadi mzito. MIDI hupima nguvu ya mguso kwa ngazi 127, lakini moduli yenye rekodi tatu au nne tu kwa kila noti huruka ghafla kutoka rangi moja hadi nyingine, na mpigaji wa nyimbo za taratibu ndiye anayeumizwa zaidi na miruko hiyo.

Majaribio ya mwangwi na pedali huchuja moduli nyingi zaidi. Bonyeza noti ya Do polepole bila kuitoa sauti, uendelee kuishikilia, kisha piga kwa mkato Do iliyo oktava moja chini yake: nyuzi zilizoachwa wazi zinapaswa kuitikia kwa mwangwi mwembamba. Ukimya hapo una maana kwamba noti za moduli hiyo hazijuani. Jaribu pia kukanyaga nusu pedali ya kudumisha sauti. Jambo hili hudai vitu viwili kwa pamoja, moduli inayosoma nafasi za katikati na pedali inayozituma, kwa sababu pedali nyingi za bei nafuu ni swichi ya kuwasha na kuzima tu. Kuhusu idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja, nisingeshuka chini ya 128, maana noti iliyorekodiwa kwa stereo mara nyingi hutumia nafasi mbili.

INTEGRA-7, moduli iliyotolewa na kampuni ya Roland mwaka 2012, inafikia idadi hiyo. Piano zake za aina ya SuperNATURAL, jina la teknolojia ya Roland yenyewe, hubadilisha rangi kwa ulaini kadiri mguso unavyoongezeka, na hili ndilo linalonifanya niipendekeze kwa moyo mweupe kwa mwanamuziki wa jukwaani anayehitaji pia vinanda vya umeme, nyuzi na ngoma katika kisanduku kimoja. Asiyetaka kingine ila piano, hata hivyo, atakuwa amelipia maelfu ya sauti asizozigusa.

Kwa mtu huyo ningechagua Pianoteq, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, ambayo haitumii rekodi bali hukokotoa mwenendo wa nyundo, nyuzi na ubao wa sauti papo hapo. Kwa sababu hiyo ni nyepesi sana, na kompyuta ndogo isiyo na hata skrini inaweza kuiendesha na kugeuka moduli kamili. Mwangwi wa nyuzi na pedali ya nusu ni nguvu zake kubwa. Wako wanaoona kwamba mpigo wake wa kwanza hauna ule utomvu wa mbao unaopatikana katika rekodi nzuri, na sikatai, lakini kwangu uhai wa noti baada ya mpigo una thamani zaidi. Sharti ni kwamba sauti isichelewe kupita takriban milisekunde 10, la sivyo vidole huanza kuisubiri.

Moduli yoyote isihukumiwe kabla ya kurekebisha mwitikio wake wa mguso. Kibodi nzito inayotuma thamani ndogo huifanya piano nzuri isikike imezibwa, na mnunuzi huilaumu moduli isiyo na kosa. Vilevile isikilizwe kupitia spika zitakazotumika. Piano ya stereo inayopendeza katika hedifoni inaweza kupoteza unene wake pale pande zote mbili zinapounganishwa katika spika moja, na anayepiga kwa namna hiyo atafute moduli yenye piano iliyoandaliwa kwa mono, yaani kwa mkondo mmoja wa sauti. Kwa hiyo unapokwenda kujaribu, beba kibodi na pedali yako mwenyewe, na uombe kusikiliza kwa spika moja pia.